Asubuhi bila yai: nilivyojifunza kupika vitumbua kwa ajili ya mwanangu

Mwanangu wa tatu alikuwa na miezi 11 tulipompa yai kwa mara ya kwanza. Lilikuwa la kuchemsha, tumeliponda na viazi. Hazikupita dakika nyingi midomo ikaanza kuvimba, vipele vyekundu vikapanda kutoka shingoni hadi machoni, akatapika. Tulimfunga mgongoni kwa mama yake, tukapanda bodaboda watatu, tukakimbilia hospitali. Alipewa dawa, uvimbe ukashuka, na kabla hatujatoka daktari akatukalisha chini. Alisema ni aleji ya mayai, kwamba huwapata zaidi watoto wadogo na kwa wengi wao huisha kadiri wanavyokua, lakini mpaka siku atakayopimwa tena hospitalini yai lisiingie kinywani mwake. Hata lile lisiloonekana, lililochanganywa ndani ya chakula.

Nyumbani kwetu Mbagala mimi ndiye mpishi wa asubuhi. Mke wangu anauza mbogamboga, na saa kumi na nusu alfajiri anakuwa ameshatoka kuwahi mzigo. Mimi naingia kazini saa tatu. Kwa hiyo chai ya watoto watatu iko mikononi mwangu, na mpaka siku ile ya hospitali chai hiyo ilisimama juu ya mayai: mayai ya kukaanga na mkate, chapati za mayai, Jumapili keki ya sufuria. Mimi ni mtu wa Njombe. Nimekulia kwenye viazi mviringo na uji wa ulezi, na mapishi ya nazi sikuyajua kabisa. Ninaandika haya kwa sababu miezi minne ya mwanzo nilipoteza pesa nyingi na usingizi mwingi kwa makosa ambayo mzazi mwingine anaweza kuyakwepa.

Kosa langu la kwanza lilikuwa kutaka kuendelea na vyakula vilevile, nivitoe yai tu. Mtu akaniambia mbegu za chia zikilowekwa zinashika kama yai, nikanunua pakiti dukani kwa shilingi 8,000. Pankeki zikatoka nzito, zinanata kwenye meno, watoto wakazisukuma pembeni. Nikajaribu ndizi mbivu badala ya yai. Hizo zilikubalika kidogo, ila zilikuwa zikiungua nje kabla ya kuiva ndani kwa sababu ya utamu wa ndizi. Keki niliijaribu mara tatu, na mara zote tatu ilishuka katikati, ikawa kama ugali wa jana. Nilihesabu baadaye nikakuta nimetumia zaidi ya shilingi 40,000 kwa vitu ambavyo mwishowe tulikula kwa kulazimishana.

Na kulikuwa na jambo baya kuliko hasara. Mtoto mkubwa, wa miaka saba, aliniuliza kwa nini wao hawali tena vitu vizuri kwa sababu ya mdogo wao. Niliumia sana. Niliona nikiendelea hivi, mdogo atakua akijua kwamba yeye ndiye aliyeondoa raha nyumbani.

Nyumba ya tatu kutoka kwetu anakaa bibi mmoja, mtu wa Kilwa, ambaye kwa miaka mingi aliuza vitumbua kabla magoti hayajamkatalia kukaa jikoni kutwa. Jioni moja nilipita kumsalimia, nikamweleza shida yangu. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniuliza, "Sasa baba, kitumbua na yai wapi na wapi?" Nikamwambia nimewahi kusikia watu wanatia. Akasema, "Wanatia wenye haraka, wanaotaka kiumuke upesi kinenepe. Kitumbua ni mchele, nazi, sukari, hamira na iliki. Mama yangu hakutia yai, na mimi sijatia."

Maneno hayo yalinifungua. Nilikuwa nahangaika na chakula kilichojengwa juu ya yai, nikitaka kukiondolea msingi wake halafu kisimame. Kumbe hapa pwani tunapoishi kuna vitafunwa vitamu chungu nzima ambavyo vinaweza kupikwa bila yai: vitumbua, vibibi, kaimati, mkate wa ufuta, maandazi ya tui. Mzazi mwenye mtoto kama wangu aanzie hapo. Asianzie kwenye keki.

Bibi alinipa maelezo kwa mdomo, nami sikuandika, nikadhani nimeshika. Jumamosi ile nilifanya karibu kila kosa linalowezekana, na nitayaeleza moja moja.

Nililoweka mchele kwa saa moja tu. Mchele wenyewe nilinunua ule mzuri wa Mbeya, wa kupikia pilau, shilingi 3,000 kwa kilo. Mchele uliolowekwa muda mfupi unakuwa mgumu katikati, na blenda ya nyumbani haiwezi kuusaga. Mimi nikawa naibonyeza tu, na kwa kuwa nilitia maji kidogo, ikaanza kutoa harufu ya kuungua, kisha moshi. Fundi aliitengeneza kwa shilingi 15,000. Unga wenyewe ulibaki na chengachenga, ukiuweka ulimini ni kama mchanga.

Tui nililikamua kwa maji ya moto, kama nilivyoelekezwa, kwa sababu maji ya moto hutoa mafuta mengi ya nazi. Lakini nikalimimina likiwa bado la moto juu ya unga wenye hamira. Hamira ni kiumbe hai, ikikutana na joto kali inakufa. Nilisubiri saa mbili nzima, sikuona hata povu moja. Tui liwe vuguvugu: tumbukiza kidole, uhesabu mpaka kumi, kama hakikuungui unaweza kumimina.

Chuma cha vitumbua nacho kilikuwa kipya, cha matundu saba, nimekinunua shilingi 12,000 na kukitumia vilevile kilivyotoka sokoni. Kitumbua cha kwanza kilishika. Cha pili kikashika. Nilipovikwangua vikatoka vipandevipande, na masizi ya chuma yakaingia kwenye unga. Nilikaa kwenye kigoda nikitazama vile vipande, watoto wamekaa mlangoni na vikombe vyao vya chai wakisubiri. Siku hiyo walikula mkate mkavu.

Nilimpelekea bibi chuma changu kama mtu anavyompeleka mgonjwa. Akakitazama, akapitisha kidole ndani ya tundu moja, akasema hakijazoea mafuta. Akaniagiza nikakioshe, nikikaushe juu ya moto, nipake mafuta kila tundu kwa kitunguu kilichokatwa nusu, niache mpaka moshi utoke, nikitoe kipoe, nirudie. Nilifanya hivyo mara tano kwa siku mbili. Mwishoni matundu yalikuwa meusi yanayong'aa, na tangu hapo sijawahi kukisugua kwa sabuni wala steelwire. Nikimaliza kupika nakifuta kwa kitambaa kikavu, basi.

Safari ya pili nilikwenda kukaa naye. Alinitaka nije na vitu vyangu, nipike kwenye jiko langu mbele yake, yeye akiwa kwenye mkeka. Nilijifunza mengi asubuhi ile kuliko wiki zote zilizotangulia, na jambo kubwa zaidi lilikuwa uji.

Uji huu watu wengi hawautaji wanapoeleza vitumbua. Ukishasaga mchele na tui, unachota upawa mmoja wa ule unga, unauweka kwenye sufuria ndogo na nusu kikombe cha tui la pili, yaani lile jepesi. Unakoroga juu ya moto mdogo mpaka unakuwa uji mzito unaong'aa. Unauacha upoe kabisa, halafu unaurudisha kwenye unga na kuuchanganya mpaka mabonge yaishe. Huo uji ndio unaoshika. Ndio unaofanya kazi ambayo wengine wanaitafuta kwenye yai, kwa sababu mchele hauna ule mnato wa ngano, ukiupika mbichi peke yake unakatika. Vitumbua vya kwanza nilivyotia uji vilikuwa laini mpaka jioni. Vile ambavyo sikutia, kufika saa nne asubuhi vilikuwa vigumu. Asiyetaka kupika uji anaweza kusaga pamoja na konzi moja ya wali uliolala. Unafanya kazi vizuri, mradi wali wenyewe usiwe umechacha.

Vipimo vyangu sasa ni hivi, kwa nyumba ya watu watano. Nusu kilo ya chenga za mchele. Sinunui tena mchele wa pilau, chenga zinasagika upesi na kwa kazi hii hazina tofauti. Nazi moja kubwa, iliyokomaa, ambayo ukiitikisa unasikia maji. Kutoka kwenye nazi hiyo nachuja tui zito kikombe kimoja na nusu, kikombe cha robo lita, na tui jepesi kidogo la uji. Sukari robo tatu ya kikombe. Hamira kijiko kimoja cha chai. Iliki punje nane, nazitwanga na sukari kidogo ili zisagike vizuri. Chumvi ya kubana kwa vidole viwili.

Chenga naziosha mpaka maji yawe meupe kidogo tu, naziloweka saa mbili usiku kabla ya kulala. Mke wangu akiamka na mimi naamka. Nakuna nazi, nakamua, nasaga. Blenda nailisha kidogokidogo, nusu kikombe cha chenga na tui la kutosha kufunika, naipumzisha katikati. Nikishamaliza nachukua unga kwa vidole na kuusugua. Kama bado una punje nazirudisha. Uzito wake uwe kama wa mtindi, ukiinua upawa udondoke kwa utepe, usitiririke kama maziwa. Nikitia maji mengi kitumbua kinakuwa kama chapati nene isiyo na tumbo.

Kuumua kulinitesa zaidi ya kusaga. Baada ya kufaulu mara mbili nikajiona nimeshajua, nikataka kurahisisha: nikachanganya kila kitu saa tatu usiku ili alfajiri niwahi kukaanga. Ulikuwa mwezi wa pili, na Dar es Salaam mwezi wa pili usiku ni joto kama mchana. Saa kumi na moja nilikuta unga umefurika, umemwagika mezani mpaka chini, na harufu yake ni ya togwa. Nilikaanga hivyohivyo kwa kuona uchungu wa kutupa, nikaongeza sukari kufunika ule uchachu. Sukari nyingi ikafanya vitumbua viungue na kushika chumani. Nilitupa vyote. Nazi, chenga, sukari, mkaa, vyote. Sasa natia hamira alfajiri, saa kumi na moja, na kwa joto letu dakika 45 hadi saa moja zinatosha. Unga ukiwa tayari unaona vipovu juu na umepanda karibu nusu ya kimo chake. Mtu wa Arusha au wa kwetu Njombe, kwenye baridi, anaweza kuhitaji saa mbili au zaidi, na kwake kuuacha usiku na hamira kidogo sana si vibaya.

Moto uwe mdogo. Hili kila mtu hulisema na kila mtu hulipuuza, mimi nikiwemo. Natumia jiko la mkaa hata kama gesi ipo, kwa sababu gesi yangu inapiga tundu la katikati tu, yale ya pembeni yanabaki na vitumbua vyeupe. Mkaa nauacha ushike majivu, nausambaza. Kila tundu natia kijiko kidogo cha mafuta, nasubiri yapate moto, namimina unga mpaka robo tatu ya tundu. Ukimimina unasikia mlio mdogo. Ukisikia kelele kubwa, moto umezidi. Kisha natazama ukingo: unaanza kukauka, vitundu vidogovidogo vinatoboka juu, katikati bado pana unyevu. Hapo ndipo pa kugeuza. Natumia kijiti cha mshikaki, nakipitisha ukingoni kukizunguka kitumbua, nakiinua upande mmoja, kinageuka chenyewe. Bibi anageuza kwa ncha ya kisu bila hata kutazama. Mimi mpaka leo natazama.

Gharama. Mara ya mwisho nilipoandika kwenye daftari ilikuwa hivi: chenga nusu kilo 900, nazi 1,000, sukari 450, hamira kama 100, iliki 200, mafuta 400, mkaa 500. Jumla shilingi 3,550, vikatoka vitumbua 28. Ni kama shilingi 127 kimoja, na mtaani kwetu kinauzwa 200. Kwa hiyo nafuu ipo, ila sitamdanganya mtu kwamba ni kubwa, hasa ukihesabu usingizi na chuma na blenda iliyoungua. Faida kubwa ni kwamba watu watano wanashiba kitu kitamu, vingine vinabaki vya saa nne, na ninajua kilichomo.

Kujua kilichomo ndilo jambo zito, na kuna kosa moja la upande huu ambalo bado linanitetemesha. Jirani mmoja aliazima chuma changu kwa ajili ya shughuli. Akakirudisha kimefutwa vizuri. Asubuhi iliyofuata nilipika, mdogo akala viwili, na baada ya muda akaanza kujikuna shingo, vipele vikatoka. Nashukuru Mungu havikuzidi hapo, tulimwahisha hospitali akapewa dawa. Nilipomuuliza jirani kwa upole akaniambia ndiyo, unga wake alivunjia mayai mawili. Hakuwa na kosa, mimi sikumweleza. Tangu siku hiyo chuma, upawa na kijiti cha vitumbua havitoki nyumbani, na bakuli la unga halitumiki kwa kitu kingine. Jirani nilimnunulia chuma chake.

Vilevile nimeacha kumpa vitu vya kununua mtaani bila kuuliza, na nimejifunza namna ya kuuliza. Ukisema "vina mayai?" muuzaji anaweza kudhani unataka vyenye mayai akakujibu ndiyo, au akasema hapana ili ununue. Namwambia wazi: mtoto huyu akila yai anavimba, nisaidie kunieleza unatia nini. Hapo watu husema ukweli. Tena nauliza kuhusu mafuta, kwa kuwa mafuta yaliyokaangia chapati za mayai ndiyo yanayokaangia maandazi. Skonzi na mikate ile inayong'aa juu mara nyingi imepakwa yai. Na mwenye mtoto kama huyu asijaribu nyumbani kumlisha kidogokidogo aone kama ameshapona. Jaribio hilo lina mahali pake, hospitalini, mbele ya daktari. Akivimba midomo au akishindwa kupumua vizuri, usisubiri kuona kama itapungua, toka hapohapo kwenda hospitali.

Vitumbua sivipiki kila siku, sina nguvu hizo. Jumatano na Jumamosi tu. Siku nyingine ni viazi vitamu vya kuchemsha kwa tui na iliki, au maandazi ya tui niliyoyakanda usiku, au chapati za maji: unga wa ngano, maji, sukari na chumvi kidogo, zinaiva upesi na hazihitaji yai mradi kikaango kiwe kimepata moto na unga upumzike dakika kumi kabla ya kumimina. Nikiwa na muda natengeneza mbaazi za nazi, watoto wachovye. Vitumbua vikibaki havilali. Tui linachacha, na kwa joto letu vikipita jioni sivipi watoto.

Sasa mdogo ana miaka minne na anasoma chekechea. Mwezi uliopita kulikuwa na siku ya kuzaliwa ya mwenzake, na nilijua keki ingeletwa. Nilimweleza mwalimu mapema, na asubuhi nikampa kopo lenye mfuniko, vitumbua vitano, nimevipamba kwa nazi iliyokunwa. Nilikaa kazini siku nzima roho juu. Jioni alirudi na kopo tupu. Nikamuuliza kama alishiba. Akasema alikula kimoja tu, vinne wenzake walimuomba, na mmoja wao kabla ya kupokea alimuuliza yeye, mwanangu, kama kitumbua kina yai.

"Ukamjibuje?"

"Nikamwambia baba yangu hatii."